Rozari Nje ya Lango

Ngozi ya nguruwe iliyokaushwa motoni ilikuwa imebaki kipande kimoja, na waliokitaka walikuwa wawili. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, soko la mji wa Todi limefurika, na harufu ya shamari na nyama ya kuoka inamfuata mtu hadi mfukoni.

"Mimi nilitangulia," alisema Gualtiero.

"Ulitangulia kuzubaa," alijibu mwanamke aliyekuwa kando yake, akakichukua.

Alivaa gauni la manjano na viatu vya mpira vyenye tope, kama mtu aliyetoka harusini akapitia shambani. Alikimega kile kipande akampa Gualtiero nusu, ile ndogo.

"Na hayo mafunguo kiunoni? Askari jela?"

"Mtunza nyumba. Villa ya wageni, kule bondeni. Mwenyewe anakaa Milano. Mimi nakodisha, nafagia, napokea lawama."

"Basi kula, Bwana Funguo. Mimi Loredana."

Gualtiero alikuwa na miaka hamsini na moja. Mkewe alimwacha zamani, naye alishasahau kungoja simu. Sasa simu akawa anaingia nayo hadi bafuni.

Jumamosi ya tatu walikaa kwenye ngazi za kanisa kuu, wakila mkate na jibini, na Loredana akamweleza kwa nini ameacha kazi ya upishi Ujerumani baada ya miaka kumi na tano.

"Mama alivunjika nyonga mwezi wa Mei. Kwako huko, Bwana Funguo. Si kuna sanamu ya Bikira ukutani, ukishaingia lango na kupanda kidogo? Akina mama wa bonde wanasali rozari pale kila jioni ya Mei, tangu bibi yangu hajazaliwa. Mwaka huu wakakuta lango limefungwa, wakasali barabarani. Jioni ya mwisho mvua ikanyesha, gari likapita, mama akarudi nyuma akatumbukia mtaroni."

Gualtiero alijua kuna kikongwe aliyeanguka, lakini jina hakuuliza, maana anayeuliza hujibiwa.

"Nani alilifunga?" Loredana aliuliza.

"Wageni. Wajerumani. Walitaka utulivu."

"Pole, mpenzi. Na lawama wakakuachia wewe."

Akamshika mkono. Mara ya kwanza kumwita mpenzi ndiyo hiyo, na ilimwingia kama mwiba, kwa sababu lango alilifunga yeye kwa mkono wake. Aliogopa wageni wangekuta njia imejaa magari na vikongwe, wakalalamika, na yule wa Milano akatafuta mtunzaji mwingine.

Walipendana majira yote ya baridi. Loredana alimwalika chakula cha Jumapili kwa mama yake mara sita. Kila mara akatoa udhuru: mara bomba limepasuka, mara kifua kinabana.

"Unamwogopa mama?" Loredana alimtania kwenye simu. "Ana miaka themanini na moja na anatembelea mkongojo. Ukikimbia hakupati."

"Wiki ijayo, kipenzi."

"Bomba lako hilo litazeeka likipasuka."

Njia ya mwongo ni fupi. Aprili, kabla ya Pasaka, Loredana alikuja kumsaidia kutandika vitanda. Gualtiero alipopanda na mashuka alimkuta sebuleni, kitabu cha wageni mkononi, anasoma Kijerumani kama anavyosoma bei za nyanya.

"Sikiliza hawa wa Mei," alisema polepole. "'Tulichagua Mei makusudi, tusikie akina mama wakiimba kwa Bikira. Tulingoja siku saba. Mtunzaji akatuambia desturi hiyo imekwisha. Tumesikitika.'" Alikifunga. "Hawa ndio waliotaka utulivu?"

Gualtiero aliweka mashuka chini.

"Nililifunga mimi. Hakuna aliyeniomba. Nilidhani watalalamika."

"Na mimi miezi saba nakupa pole."

Alivaa koti, akalifunga vibaya, kifungo kimoja kikabaki bila tundu. Akaondoka hivyo hivyo.

Gualtiero alipiga simu siku nne. Siku ya tano ikapokewa.

"Usinipigie mimi," alisema Loredana. "Si mimi niliyelala mtaroni."

Ikakatwa.

Jumapili akaenda kwa mama yake Loredana. Bi Ersilia alikuwa mezani jikoni, anamenya maharage mabichi, mkongojo umeegemezwa ukutani. Alimtazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiye wa mafunguo? Binti yangu alisema mrefu. Hakusema una mabega ya kuku aliyenyeshewa."

"Mama, lango nililifunga mimi. Wageni hawakuniambia kitu. Halafu nikamdanganya binti yako."

"Hilo nimelisikia kwake. Lipi la kwako?"

Gualtiero alishika mgongo wa kiti. "Nyumba ninayolala iko karibu na lango, mbali na ile ya wageni."

"Naijua. Nilipiga kelele pale mtaroni. Ulinisikia?"

Angeweza kusema hapana. Mvua ilikuwa kubwa, angeaminika, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote.

"Nilikusikia. Nilizima taa nikakaa mpaka gari la wagonjwa lilipoondoka."

Bi Ersilia alimenya harage moja, kisha jingine.

"Wenzangu waliniambia sikutoa hata sauti," alisema. "Mwaka mzima nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kumbe nililia." Alimsukumia lundo la maharage. "Sijakusamehe. Labda baadaye, labda la. Keti umenye."

Akaketi. Hapo ndipo alipomwona Loredana mlangoni, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote.

"Mei inaingia Alhamisi," Loredana alisema, sauti kavu. "Kutoka barabarani hadi kwa Bikira ni mlima, na mama hawezi. Nani atambeba?"

"Mimi."

"Jioni zote thelathini na moja?"

"Zote."

"Mbele ya akina mama wote wa bonde, na utawaambia ulichomwambia yeye. Ukimaliza ndipo uniulize unalotaka kuniuliza. Siahidi jibu."

"Na mimi ni mzito," alisema Bi Ersilia.

Gualtiero hakuthubutu kuinua uso. Aliendelea kumenya, kucha zimekuwa kijani, mpaka aliposikia kiti kikivutwa kando yake na mkono wa Loredana ukaingia kwenye lundo lile lile.