Mkanda Wenye Jasho

Nyuzi zote sita zililia sawasawa. Hilo ndilo lililomshtua.

Gitaa lilikuwa limefungiwa stoo miaka kumi na minane, nyuma ya vipande vya sponji, tangu alipouacha muziki akafungua duka la magodoro. Gitaa lisiloguswa hulegea, hulia kama mlango mbovu. Hili lilitoka sandukuni likiimba.

Wiki ile alikuwa ameuza duka. Mtaa mzima ulimwita Godoro, naye hakutaka kuzikwa na jina hilo. Alitaka wimbo mmoja tu: autunge mwenyewe, aurekodi mwenyewe, bila bosi, bila promota.

Mkewe alicheka. "Baba watoto, miaka yote hiyo umewalaza watu. Leo unataka kuwaamsha?"

"Hebu njoo ushike huu mkanda wa gitaa."

Akashika. Kicheko kikamkatika. Mkanda ulikuwa na joto, umelowa, unanuka jasho la mtu wasiyemjua.

Siku ya tatu, adhuhuri, wakiwa wote wawili mezani, gitaa likaanza. Kwanza uzi mmoja, kama tone la maji kwenye sufuria tupu. Kisha mwingine. Kisha wimbo mzima ukatoka chumbani ambamo hamkuwa na mtu, wimbo ule ule aliouhangaikia tangu asubuhi na kukwama kwenye ubeti wa pili, nao sasa ukapita pale alipokwama bila kujikwaa, ukapanda, ukageuka, ukateremka kwa vidole vyepesi kuliko vyake alipokuwa kijana, na harufu ile ya jasho ikajipenyeza chini ya mlango, ikatambaa hadi mezani, mpaka tonge likawashinda kumeza.

"Usiende," mkewe alinong'ona.

"Wimbo wangu ule."

"Ndiyo maana nakwambia usiende."

Mganga alifika kesho yake, mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Hakuuliza habari za ndoto wala maadui. Alinusa nyuzi, akakunja uso.

"Siku ulipolifungia, ulitamka nini?"

Godoro aliinama. "Nilikuwa na hasira, mama. Nilisema anayeutaka muziki huu na auchukue."

"Basi kuna aliyesikia. Ulimpa kwa mdomo wako. Mdai kwa mdomo wako."

Alidai. Mganga alilikumbatia gitaa kama mtoto mwenye degedege, naye Godoro akasema "Nirudishie changu," akasema tena, na tena, sauti ikamkauka, gitaa likatetemeka, madirisha yakaitikia, mkewe akaziba masikio, naye hakunyamaza mpaka nyuzi zote sita zikalegea kwa pamoja, kwa mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi.

Harufu ikatoweka.

Asubuhi alilipapasa. Lilitoa sauti mbovu, ya kuchekesha, sauti ya gitaa lililosahauliwa. Godoro alilia kwa furaha. Angeanza upya, vidole vingemuuma, angekosea. Lakini kosa lingekuwa lake.

Mkewe alileta chai, akasita.

"Kumbe ulikuwa unafanya mazoezi kwa siri?"

"Mimi? Ndiyo kwanza naanza."

"Na hivyo vidole?"

Akautazama mkono wake wa kushoto. Ncha za vidole, jana laini kama za mtoto, zilikuwa na sugu nene, nyeusi, sugu za miaka kumi na minane. Navyo, bila kumwomba ruhusa, vilikuwa vikitembea juu ya meza, polepole, kwenye ubeti wa pili, vikipita pale pale alipokwama.