Chini ya Anga la Karatasi

—Picha hii uliitengeneza lini?

Bi Vipande alisimama mlangoni, mkoba wa mabaki ya karatasi ungali begani. Mezani, badala ya chakula cha mchana ambacho Fundi alimwahidi kumpikia, ilikuwepo picha yake ya kwanza kabisa, ile ya mwanamke anayeanika nguo. Imeshushwa ukutani, imelazwa chali kama mgonjwa. Pembeni bakuli la maji na kitambaa kibichi.

—Nani kakwambia uishushe?

—Mende walikuwa wanalila anga lake. Nikasema niisafishe, nikufurahishe kabla ya harusi. Nijibu. Lini?

—Miaka mitatu sasa.

—Mwezi gani?

Bi Vipande akauweka mkoba chini polepole, kama vile ndani mna mayai.

Harusi yao ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Mtaa mzima ulikuwa unaisubiri, maana mtaa mzima ulimjua Bi Vipande. Hapitwi na karatasi huyo. Bahasha, tiketi, paketi za chai, kalenda zilizokwisha mwaka, mifuko ya saruji, vyote kwake ni mali. Anapika gundi ya unga, anabandika tabaka juu ya tabaka mpaka karatasi inakuwa ngumu kama ubao, kisha anashona madaftari ambayo watu wananunua waandikie siri zao. Nyingine anazifanya picha za ukutani. Fundi alikuwa akiwatania wateja wake kule kwenye karakana ya kuchomelea vyuma: mwanamke yule ukisinzia karibu yake, utaamka umebandikwa.

Siku hizi gundi yake anaitia shabu, wadudu wasiiguse. Lakini picha ya kwanza aliibandika kabla hajajifunza hayo, na mende wakaifanya mlo. Fundi alipopitisha kitambaa tu, karatasi ya bluu ya paketi za mishumaa, lile anga, ikanyanyuka yenyewe kama ngozi ya uji. Chini yake akaona fomu ya hospitali. Juu ya fomu, jina la marehemu mkewe, majina yote matatu. Mbele ya jina: *Amepokelewa saa mbili na dakika kumi, asubuhi.*

Mtu asiyemjua Fundi hawezi kuelewa saa hiyo ilikuwa na maana gani kwake.

Alimpeleka mkewe kujifungua asubuhi, uchungu umeshaanza. Waliketi kwenye benchi. Daktari wa upasuaji hayupo, wakaambiwa, subirini. Walisubiri hadi jioni, mama na mtoto wakaondoka pamoja. Baadaye ikajulikana kwamba daktari wa zamu alichukuliwa na Mkuu wa hospitali akapige picha kwenye uzinduzi wa zahanati yake binafsi. Ikaundwa tume. Tume ya wakubwa kuchunguza wakubwa. Ikasoma faili mbele ya ndugu wote: mgonjwa alifikishwa saa kumi na moja jioni, hali mbaya, mume alichelewa kumleta. Fomu ina muhuri. Mama mkwe alimtazama Fundi mara moja tu, akainuka na kutoka, na tangu siku ile hajamjibu hata salamu. Na Fundi mwenyewe, kwa kuambiwa kila siku, akafika mahali akaanza kujiuliza kama kweli ilikuwa asubuhi.

Haya yote alikuwa amemsimulia Bi Vipande. Alimsimulia akilia, kichwa kikiwa kwenye mapaja yake.

—Ulikuwa unanifuta machozi, Fundi alisema. Karatasi iko ukutani, juu ya kichwa changu.

—Ndiyo.

—Uliniambia uliwahi kuwa karani wa maduka.

—Nilikuwa karani wa mapokezi. Pale pale. Mimi ndiye niliyemwandika mkeo asubuhi ile. Na jioni Mkuu aliniita ofisini, akanipa fomu mpya na kalamu yake. Akasema andika tena, saa kumi na moja, na hii ya kwanza kaichome.

—Ukaandika.

—Nikaandika. Kuichoma nikashindwa. Sijawahi kuchoma karatasi maishani mwangu. Wiki ile ile nikaacha kazi, nikaibandika mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta.

Fundi alicheka, kicheko kisicho na meno.

—Halafu ukaja kwangu kuagiza kibanio cha madaftari. Bahati tu.

—Haikuwa bahati. Nilikuja kukwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikakukuta unachomelea geti, ukazima moto, ukakifuta kiti kwa mkono wa shati lako ili niketi. Miezi mingi nilikuwa sijaheshimiwa na mtu. Maneno yakanikauka. Nikaagiza kibanio. Nikasema wiki ijayo nitamwambia. Wiki ijayo ukaniletea miwa. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilikuwa inafanya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Simu ya Bi Vipande ililia. Namba haikuwa na jina, lakini Bi Vipande alipoiona uso ulimbadilika rangi.

—Nani?

—Yeye.

—Pokea. Weka spika.

Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyeshiba.

—Bi Karani. Nasikia kuna harusi. Hongera.

—Asante, Mkuu.

—Dereva wangu alikuja kununua daftari juzi, anasema una picha nzuri ukutani, na penye anga lililoliwa na mende aliona muhuri wetu. Nimeamua kupamba ukumbi wetu. Nazitaka zote. Na ile ya mama anayeanika nguo, hiyo usiisahau.

—Ile haiuzwi.

—Sijasema uniuzie. Dereva atapita saa kumi. Halafu, mwanangu, unapoingiza mume ndani ya nyumba, kumbuka fomu iliyoko kwenye faili ni mwandiko wako. Mimi sikushika kalamu.

Simu ikakatika. Ilikuwa saa nane na nusu. Dirishani upepo uliyatikisa madaftari yaliyoanikwa kwenye kamba, yakagongana taratibu.

Fundi alichukua kitambaa kibichi, akainamia picha.

—Usifanye hivyo. Wino wa kalamu hauogopi maji, lakini muhuri utayeyuka. Ukiupoteza muhuri umebaki na karatasi tu. Hiyo inatoka kwa mvuke, na wembe.

—Basi fanya.

—Utaniachia?

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mikono iliyoandika uongo ndiyo pekee iliyojua kuutoa ukweli bila kuuchana. Kidole kikiteleza kidogo tu, mwanamke huyu yuko huru, na yeye Fundi atabaki kuwa muuaji wa mkewe hadi atakapozikwa. Angeweza kusema nisamehe, nimekosea. Nani angembishia?

—Nitasimama hapa, alisema. Nataka kuiona mikono yako.

Birika likawekwa motoni. Bi Vipande aliinua picha juu ya mvuke, akasubiri gundi ilegee, akaingiza wembe pembeni na kuusukuma kwa unene wa unywele. Hakuzungumza. Tabaka la juu likatoka, la pili likang'ang'ania. Kuna mahali karatasi ilianza kuchanika, pale pale penye saa. Akaacha wembe. Akailainisha sehemu ile kwa pumzi ya mdomo wake, muda mrefu, mpaka machozi yakamtoka, ya moshi au ya kitu kingine. Ikaachia nzima.

Fomu ililala juu ya taulo. Jina. Saa. Muhuri wa zambarau umefifia, lakini unasomeka. Chini kabisa, sahihi ya karani.

Fundi aliisoma mara tatu, midomo ikicheza, maana shule yake ilikuwa fupi. Kisha akaenda kusimama uani na kuupa mlango mgongo.

Aliporudi alimkuta anabandika anga jipya kwenye lile pengo, haraka, kwa karatasi za bluu zilizobaki mkobani. Alimuuliza ana wazimu gani. Akajibiwa kwamba dereva akikosa picha atapiga simu sasa hivi, akiipata watakuwa na jioni nzima mbele yao.

Saa kumi kasoro honi ikalia nje. Dereva alipokea picha tano, akaigusa ile ya kwanza, kidole kikatoka na utando wa gundi.

—Mbona mbichi?

—Niliikarabati kwa heshima ya Mkuu, alisema Bi Vipande. Mende wanapenda sana kazi zangu za zamani.

Fundi na Bi Vipande wakatokea mlango wa nyuma, wakaenda kwa mama mkwe.

Mama yule alikuwa anapepeta mchele barazani. Alimwona Fundi, akaendelea kupepeta. Fundi hakumsalimia mara mbili. Alichuchumaa, akaiweka fomu juu ya mkeka mbele yake. Mama alivaa miwani. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kidole kilipofika kwenye saa kikabaki pale pale. Chenga za mchele zilikuwa zikidondoka ukingoni mwa ungo, hakuna aliyezijali.

—Asubuhi, alisema hatimaye.

—Asubuhi, mama.

—Baba, njoo ukae juu. Usikae chini.

Miaka mitatu. Fundi aliinuka, akashika nguzo ya baraza.

Ndipo mama alipomgeukia mwanamke.

—Na huyu?

—Mimi ndiye niliyeandika, mama. Hii na ile ya uongo. Zote mbili.

Mama alivua miwani. Hakumtukana, afadhali angemtukana.

—Utayasema hayo mbele ya polisi?

—Nitasema.

—Watakufunga wewe. Yule ana watu. Wewe una nani? Nani atakuletea hata sabuni huko ndani?

—Sina mtu, mama. Wazazi walishatangulia.

—Mimi nitampelekea, Fundi alisema.

—Kama nani? Mama aliuliza kwa ukali. Pale getini wanauliza. Wataka ndugu. Kama mteja wake? Kama fundi wake wa vyuma?

Fundi alikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Alimwangalia mwanamke aliyemficha jina lake safi kwa miaka mitatu, kisha akaiangalia mikono ile, yenye gundi iliyokauka kwenye kucha, iliyoweza kuiharibu fomu mchana huu na haikuiharibu.

—Kama mumewe, alisema.

Fomu ilibaki kwa mama mkwe. Alikataa kuitoa. Alisema hii nalala nayo mimi, nyinyi chukueni nakala.

Hawakungoja siku kumi na mbili. Siku ya tatu walifunga ndoa kwa msajili, mashahidi wawili, mmoja wao mama mkwe, ambaye hakutabasamu hata mara moja lakini alimrekebisha bibi harusi mtandio uliopinda. Kutoka pale wakaenda moja kwa moja kituo cha polisi, na viatu vile vile vya harusi.

—Sijakusamehe, Fundi alimwambia kwenye ngazi.

—Najua.

—Nitakusamehe polepole. Usiniharakishe.

Bi Vipande akaingizwa chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Fundi akaambiwa akae kwenye benchi. Alikaa. Benchi zao zote zinafanana, za mbao, zimelainishwa na makalio ya watu wanaosubiri wakubwa. Robo saa baadaye gari jeupe la Mkuu likaingia uani. Mkuu mwenyewe alishuka, akampa mkono afisa wa zamu, wakacheka, wakaelekea chumba kile kile.

Fundi alisimama.

—Mzee, subiri hapo, askari alimwambia. Humo hawaingii watu wa nje.

Alishasubiri kwenye benchi mara moja maishani mwake, kutoka asubuhi hadi jioni, kwa adabu, kwa kuwa aliambiwa asubiri.

—Mimi si mtu wa nje, alisema. Mke wangu yumo humo.

Akausukuma mlango, akavuta kiti, akaketi kando yake.