Mwanamke Aliyemvuta Ute Mtoto wa Gumato

Magharibi ile nilitoka kuanua shuka za zahanati, nikiyalaani mafuriko ya El Niño yaliyokata barabara ya Garsen. Daktari akaniita ndani kwa ukali.

“Kache! Njoo ushike hapa. Naenda kutafuta boti.”

Nikashika. Gumato, mama wa Kiorma, alikuwa amejifungua mchana ule, na mwanawe alizaliwa hapumui. Daktari alimtia bomba kooni. Nikibinya mfuko wa hewa, kifua kinainuka. Nikiacha, kinatulia. Mashine ya kumpumulia iko mjini, ng'ambo ya maji yote yale, na mikono ni yangu hii miwili tu!

“Sista, ataishi?” Gumato akauliza.

“Lala, mama. Omba Mungu.”

Ute ulikuwa unamziba. Ninachomoa mfuko, ninapitisha mrija mwembamba ndani ya bomba, ninakanyaga pampu ya kufyonza, ninavuta ute huku nautoa mrija. Haraka! Ukikawia unavuta na pumzi yenyewe. Kisha mfuko tena.

Mara mrija ukaziba. Nikabadilisha. Na wa pili ukaziba. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya buluu.

Hapo nikasikia harufu... Tope. Tope la chini kabisa ya mto.

Mlangoni amesimama mwanamke, kajitanda nguo nyeusi inayochuruzika maji. Maji yametuzunguka pande zote, na sikusikia mtumbwi.

“Nitamvuta mimi,” akanong'ona. “Kwa mdomo.”

“We nani? Toka!”

“Unataka aishi... au hutaki?”

Nikabinya mfuko. Wapi! Kifua hakikuinuka.

“Sista, mwache avute!” Gumato akalia. “Mwache!”

Nikasogea.

Akachomoa bomba, akaufunika uso wa mtoto kwa mdomo wake. Akavuta. Akavuta... akavuta... Mashavu yakamjaa. Nikamsogezea beseni ateme.

Hakutema.

Akameza, huku ananitazama.

Kifua cha mtoto kikapanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda! Midomo ikarudia rangi yake. Mtoto mwenye bomba kooni hatoi sauti, lakini bomba lilishatoka, basi nikamgonga nyayo alie. Akakunja uso, akakaza ngumi, akafungua mdomo wote.

Kimya.

Kilio kikatokea nje. Kilio cha mtoto mchanga, kikienda zake upande wa mtoni. Nilipogeuka, mwanamke hayupo; mlangoni palikuwa na maji tu sakafuni.

Daktari aliporudi alisema mtoto hana sauti kwa kuwa bomba lilimjeruhi koo. Haya, mimi nani nibishane na daktari? Lakini kila jioni kilio kiliita kutoka mtoni, na kila kikiita, maziwa ya Gumato yalitiririka yenyewe yakalowesha kanga. “Sista, yule ni wangu,” ananiambia. “Ana njaa.” Nikawa nafunga mlango kwa komeo.

Asubuhi moja nikakuta mlango wazi. Mtoto kalala mkekani, anapumua vizuri tu. Mama yake hayupo. Nyayo zake zimeelekea mtoni, na hakuna zilizorudi.

Tangu siku hiyo, kile kilio hakijasikika tena. Kuna anayekinyonyesha.