Mbeta ya Regina

Jogoo wa kina Faustina alipanda juu ya banda, akanyoosha shingo, akapanua mdomo, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Mabawa yakapigwa, kifua kikavimba, kimya. Mama yake Faustina, aliyekuwa akipuliza moto, alisema labda punje imemkwama. Faustina aliendelea kufagia uwanja, kwa sababu alijua sauti ya jogoo ilikoenda.

Ngoja niwaweke sawa kwanza. Nyote mmetishwa na lile zimwi la ngoma, linalovizia watoto mtoni na kuzunguka vijijini na ngoma inayoimba yenyewe. Mkaambiwa ni kikongwe, ana jicho moja, kucha hizi hapa. Waliowaambia hawakumwona. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mpole mpaka wenzake wa sekondari wakamwita Sista, na kwao ni juu kidogo ya Nyololo, nyumba ya bati inayopakana na shamba la mianzi, ambako ukungu ukishuka unasikia malori ya barabara kuu huyaoni. Wala si zamani. Umeme ulikuwa umeshafika, na simu kila mtu anayo. Basi huyo ndiye zimwi wenu, na mimi sipendi mtu asemewe uongo, hata akiwa zimwi.

Alikuwa na mdogo wake, Regina, wa darasa la pili. Regina ndiye mwenye sauti. Kanisani walimsimamisha juu ya kiti ili watu wa nyuma waone inakotoka. Asubuhi na jioni, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, dada na mdogo waliingia mianzini kugema. Faustina anakata ncha ya chipukizi kwa kisu, Regina anafunga mbeta, kile kikombe kirefu cha mwanzi cha kukingia utomvu, na kila akifunga anaimba kawimbo alikojitungia mwenyewe:

Mwanzi nipe tone,
kesho nitarudi.

Mvua za Februari zikamletea kichomi. Walimpeleka hospitali akikohoa, wakamrudisha amefunikwa khanga.

Ukoo ule una desturi yake. Mtu akifa msimu wa ulanzi, kabla maiti haijatoka nyumbani, kila mbeta iliyoko shambani hushushwa na kufudikizwa, mdomo chini, hadi matanga yaanuliwe. Bibi yao alikuwa akisema chombo kilichoachwa wazi siku ya msiba hakikai kitupu. Kazi hiyo akapewa Faustina. Alizifudikiza moja baada ya moja, akilia, mpaka akafika kwenye mbeta moja ndogo iliyofungwa kwa kamba ya kiatu cha shule, fundo juu ya fundo, kwa kuwa aliyeifunga hakujua namna nyingine ya kufunga. Kuifungua ni kama kuibandua mikono ya Regina. Vidole vilimgomea. Akaiacha pale, mdomo juu, akaenda kuzika.

Matanga yalipoanuliwa akarudi. Mbeta ile ilikuwa tupu, lakini alipoishika ikamlemea kama imejaa. Ikawa inanguruma kwa ndani, kidogo tu, akaiinamishia sikio.

Mwanzi nipe tone, ikasema. Kesho nitarudi.

Furaha ilimwangusha magotini. Msimcheke. Yupi kati yenu aliyezika mtu wake angeitupa?

Aliifunika mdomo kwa kipande cha ngozi ya mbuzi, akaikaza kwa kamba ileile, ili kilichomo kisitoke. Kisha akagundua kwamba akiigonga ngozi kwa kidole, Regina anaimba. Ndivyo ngoma ile ilivyopatikana. Aliificha chini ya kitanda, na mchana mama akienda shamba la viazi, anaitoa, anaigonga, anajifuta machozi, anaigonga tena.

Baadaye sauti ikaanza kufifia.

"Dada," ilisema kwa unyonge, "koo limenikauka."

"Nikupe nini, mdogo wangu?"

"Si una jogoo?"

Aliipeleka ngoma bandani jioni ile, na asubuhi mmeshaona yaliyompata jogoo. Jogoo hakutosha. Akafuata mbwa, akawa anaubwekea ukungu bila mlio, mate yanamruka tu. Chumbani kukaingia harufu ya ulanzi uliochachuka, kali, ya kukata pua, na baridi iliyokaa upande wa kitanda cha Regina peke yake. Mama alifua shuka, akadeki, akafungua madirisha. Harufu haikuondoka.

Jirani yao alikuwa Masanja, Msukuma aliyehama kutoka Usangu na ng'ombe wake, akawauza, akaja kupakia magogo yanayopelekwa kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Binti yake mdogo, Esther, alikuwa rafiki wa Regina, na hata baada ya msiba hakuacha kuja. Alikuja mchana mmoja wa ukungu akamkuta Faustina ameketi kizingitini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Esther, njoo uimbe humu."

"Humo kuna nini?"

"Kuna mwangwi. Utaupenda."

Alilegeza ngozi kidogo. Mtoto akaweka mdomo akaimba, na katikati ya wimbo, wimbo ukakatika, ingawa midomo yake iliendelea. Esther akadhani ni mchezo. Akacheka, na kicheko kisisikike, akacheka tena kwa nguvu zaidi, halafu akajishika shingo, na macho yakamtoka. Faustina akamkumbatia akambembeleza, huku mkono mwingine unakaza kamba. Alijua amefanya nini. Lakini alipoigonga ngozi usiku ule, sauti ya Regina ilitoka nzima, nene, kama yuko juu ya kiti kanisani.

Huyu wa mwisho tu, akajiambia.

Mama Esther alizunguka na mtoto hospitali mbili. Kote waliangalia koo, wakasema koo ni zima. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Siku moja mama yake Faustina alirudi mapema kwa ajili ya mvua, akasimama sebuleni na jembe lake begani, akamsikia marehemu mwanawe anaimba chumbani. Hakukimbilia. Alisikiliza mpaka mwisho, akausogelea mlango.

"Faustina," alinong'ona mlangoni. "Hicho nini?"

"Ni Regina, mama. Msikilize."

"Nimemsikiliza. Regina alikuwa na kifua, akiimba anakatisha kuvuta pumzi. Huyo havuti pumzi."

Akaenda zake moja kwa moja kumtafuta Mzee Kalinga.

Mganga huyu alikuwa mtu mfupi, mkali, hapendi kukaribishwa chai. Alifika kwa bodaboda alfajiri, akavua helmeti mlangoni, akanusa, akairudisha kichwani. Akamtazama Faustina aliyeikumbatia ngoma kifuani.

"Mdogo wako amelala kule makaburini," alisema taratibu. "Huyo uliyenaye ni jini wa mianzini. Alikuta chombo kiko wazi, akaingia, akavaa sauti aliyoizoea kuisikia pale kila siku. Atakula sauti mpaka zikuishie za kumpa."

"Najua," alisema Faustina.

Mama yake akamgeukia. "Unajua?"

"Nimejua tangu jogoo. Lakini, mama, nani mwingine ana sauti yake? Wewe unayo? Hata kwenye simu haimo."

Mzee Kalinga alishusha pumzi. Akaeleza kwamba dawa ni moja: aliyefunga ndiye afungue, kwa hiari yake, amwage kwenye shina la mwanzi uleule. Jogoo atawika, Esther atasema. Regina hatasikika tena, mpaka kiama.

Wakaingia mianzini, mganga mbele, Faustina katikati, mama nyuma amemshika gauni. Ukingoni mwa mianzi Esther, aliyeitwa, alisimama na mama yake, amefungwa skafu shingoni, akimtazama dada Fau bila kupepesa. Faustina alimwona. Akashika fundo la kwanza, likafunguka. Akashika la pili, na hapo ukungu ukashuka mianzini kwa uzito mpaka hata mikono yake mwenyewe hakuiona vizuri, harufu ya ulanzi mchachu ikapanda kutoka ardhini, mianzi ikaanza kugongana ingawa upepo haukuwepo, na kutoka ndani ya ngozi, karibu kabisa na kifua chake, kikaja kilio cha mtoto anayeamshwa na homa, kilio alichokisikia wiki ile ya mwisho akiwa amemshikia kitambaa cha maji kipajini, kikisema dada usinimwage, dada kuna giza, dada nilisema nitarudi na nimerudi, sasa mbona unanimwaga.

Kidole chake kikasita juu ya fundo.

"Fungua, mwanangu," mama alisema kwa kunong'ona, machozi yakimtiririka. "Nami nilimzaa. Nami inaniuma. Fungua."

"Nina kiu, dada," ngoma ikasema.

Faustina aligeuka. Mama alikuwa karibu, uso kwa uso, na alipofumbua kinywa kumwita tena binti yake, binti akainua ngoma kwenye kinywa kile. Jina lake liliingia humo lote. Mama aliendelea kulitaja, Faustina, Faustina, na yeye akawa anaona midomo tu. Mzee Kalinga aliruka kumshika, akashika ukungu. Walisikia matawi yakivunjika kuelekea kwenye misitu ya misonobari, na wimbo wa mtoto unaokwenda mbali, na nyuma ya wimbo, kwa mara ya kwanza, sauti ya mwanamke mzima.

Mpaka leo jogoo wa nyumba ile hawiki. Esther anasoma na kujibu kwa kichwa. Mama yake Faustina hufudikiza kila chombo kabla ya kulala, hata sufuria, hata kikombe cha mswaki.

Na Faustina? Wiki iliyopita alikuwa kwenye kijito kimoja chini ya Mgololo, watoto walipotoka shule. Amekonda, nywele zimemjaa majani, na mgongo umepinda kwa uzito wa ngoma, maana siku hizi ni nzito. Watoto walioga, wakavaa, wakaondoka mbio. Mmoja akakumbuka kandambili zake juu ya jiwe, akarudi peke yake, na alipomwona mtu ameketi pale akasimama mbali, akasita.

Faustina aliigonga ngozi kwa kidole.

"Njoo, mwanangu, usiogope," ngoma ikasema, kwa sauti ya mama yake Faustina.

Mtoto alitabasamu, akaja. Faustina alikuwa analia, huku vidole vyake vikilegeza fundo.

Huyu wa mwisho tu, akajiambia.