Paka wa Mbinya na Majivu ya Mbegu

Maneno yalianzia kisimani. Mimi nilikuwa pale, nimeshika kata, nachota maji. Syombua, jirani yetu wa upande wa juu, alisema bila hata kunitazama:

"Mbinya hampi mtu paka bure. Waulizeni watu wa kwa Nzuki kama mwaka ujao watavuna."

Nzuki ni mume wangu. Wanawake wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Mimi nilijaza mtungi, nikaufunga mgongoni, nikaondoka. Lakini yale maneno nilikuja nayo mpaka nyumbani. Nilipika nayo. Nilinyonyesha mtoto nayo. Nilijaribu kuyatoa kichwani yakakataa.

Habari yenyewe ni hii. Sisi tunakaa karibu na soko la Kalamba. Huo ulikuwa mwaka wa 1985, na tulikuwa tumetoka kwenye njaa kubwa. Mvua iliponyesha, tulivuna kunde na ndengu na mahindi kidogo. Kumbe panya nao walikuwa wanangojea mavuno kama sisi. Waliingia ghalani wakatoboa magunia. Walikula hata sabuni.

Mbinya ni mjane, umri wake ni kama wa mama yangu. Watoto wetu wanamwita Susu, yaani nyanya. Paka wake alikuwa amezaa, akanipa jike mmoja. Kwetu ukipewa paka, unaacha kitu kidogo. Nilimpelekea kibaba cha mtama. Alikirudisha.

"Mtama huu wape watoto, Mama Ndeti," alisema. "Njaa imetoka juzi. Mimi nile uji wa watoto kwa sababu ya paka?"

Wema huo ndio ambao watu walikuja kuugeuza kuwa uchawi. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Yule paka alikuwa na kazi. Jioni tulimfungia ghalani, asubuhi tulimfungulia. Karibu kila asubuhi tulikuta mkia wa panya sakafuni. Na kwa sababu alikuwa anafungiwa, tulimwekea karai kuukuu lenye majivu ya jikoni. Alichimba mle, akajisaidia, akafukia. Hakuna mtu aliyemfundisha. Ghala halikuwa na harufu.

Halafu ukafika wakati wa kuweka mbegu. Mnajua sisi tunavyoweka mbegu ya kunde. Tunachekecha majivu, tunayachanganya na kunde, tunatia chunguni. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mbegu, hawaingii. Mama mkwe wangu, Kalunde, ndiye anayeshika kazi hiyo nyumbani, na mbegu zilikuwa nyingi. Majivu ya jikoni hayakutosha. Akaanza kuyakusanya kila mahali.

"Hata paka ana majivu na mbegu zangu hazina?" alisema. "Mpe makapi ya mtama. Yeye ni paka, si mgeni."

Majivu safi yaliyokuwa kando ya karai, yale tuliyokuwa tunamwongezea paka, yakachukuliwa yote. Nzuki naye aliona viroboto ghalani. Akalimwaga karai, akalisugua kwa dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuosha ng'ombe. Tukajaza makapi. Hakuna aliyeona ubaya.

Siku chache baadaye mama mkwe alifungua ghala, akasimama mlangoni ameshika pua.

"Nani amekojoa humu?"

Ni paka. Alikuwa amekojolea chungu cha mbegu, kimojawapo kati ya vile visivyo na kifuniko. Kunde za juu zilikuwa zimelowa, majivu yameshikana kama udongo. Karai la makapi lilikuwa kavu kabisa.

Nzuki alimshika paka, akamsukumia pua kwenye mkojo, akampiga. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, chungu cha pili. Mchana tukiacha mlango wa jikoni wazi, alikwenda kukojoa mafigani. Alipigwa tena. Sasa akawa anajificha nyuma ya magunia, anakojoa huko pia, na panya hakamati. Akiona mguu wa mtu anakimbia.

"Huyu nitamtia kwenye gunia nimtupe mtoni," Nzuki alisema.

"Ukimtupa, panya watakula zilizobaki," nikamwambia.

"Afadhali panya. Panya hakojolei mbegu peke yake kama aliyeambiwa."

Kama aliyeambiwa. Basi na yeye alikuwa amesikia.

Uvumi hauna mwenyewe, lakini una miguu. Syombua alisema kisimani, mtu akasema kanisani, mtu akasema kwa mwenye mashine ya kusaga. Kila mmoja aliongeza chake. Mara Mbinya alimnong'onezea paka. Mara alimfunga kitu shingoni. Mtoto wangu mdogo alipopata kikohozi, kikohozi cha vumbi ambacho kila mtoto alikuwa nacho, nikaambiwa hicho nacho kimetoka kwa paka. Mimi ni mama. Ukimtaja mtoto wangu moyo unaniruka. Nilimfunika mtoto nguo nne kwenye jua, masikini, kwa ajili ya midomo ya watu.

Kisha akaja Musyoka, kaka mkubwa wa Nzuki. Alikaa kwenye kiti, akanywa chai yake yote kabla hajasema.

"Ijumaa wazee wa ukoo wanakaa," alisema. "Yule mwanamke atajibu. Na shamba lile la mtoni analolima aliazimwa na marehemu baba. Kama ni mtu wa namna hiyo, aondoke."

"Namna gani?" nikamuuliza.

"Mama Ndeti, wewe unajua ninachosema."

"Sijui. Sema."

Neno lile la uoi, yaani uchawi, hakutaka litoke mdomoni mwake mwenyewe. Alitaka litoke kwangu. Na shamba la mtoni, mjue, linapakana na la kwake. Mbinya hana lingine. Akitolewa pale, atakula nini? Mwanamke wa umri ule aende wapi na jembe lake?

Mbinya hakungoja Ijumaa. Alikuja kesho yake asubuhi, akasimama uani, akakataa kiti.

"Nimesikia mimi ni mchawi wa kunde," alisema. "Nimekuja kuangalia uchawi wangu. Uko wapi?"

Mama mkwe alishika ufagio, akaanza kufagia. Nzuki akajifanya anafunga mbuzi.

"Baba Ndeti, wacha mbuzi. Mbuzi huyo amefungwa tangu nije," Mbinya akamwambia. "Nauliza. Mmempeleka huyu paka kwa mtu yeyote anayejua wanyama?"

"Paka apelekwe kwa daktari?" Nzuki akacheka kidogo.

"Ng'ombe akiharisha unakimbia Kalamba bila viatu. Paka akikojoa vibaya, unakimbilia jina langu. Sasa sikia. Leo watu wa mifugo wako sokoni wanachanja mbwa. Mama Ndeti, mtie huyo paka kwenye kiondo. Tunakwenda. Na Musyoka aje, asikie kwa masikio yake, asiletewe."

Nilimtia paka kwenye kiondo, nikamfunika kwa leso, na Nzuki akatufuata. Musyoka alikuja. Alitembea mbele yetu kama mtu asiyetujua.

Sokoni mbwa walikuwa wengi, kila mmoja na kamba yake. Bwana mifugo alikuwa kijana aitwaye Mwangangi. Watu waliona kiondo wakaanza kuchokoza. Syombua alikuwepo na mbwa wake.

"Ndiye huyo wa mbegu?" aliuliza. "Msimfungue karibu na mbwa wangu, atamroga asibweke tena."

"Mbwa wako hajawahi kubweka hata mwizi akija," Mbinya akamjibu. Watu wakacheka, na safari hii hawakutucheka sisi.

Mwangangi alituita pembeni, mbali na mbwa. Alimshika paka taratibu, akamminya tumbo kwa vidole.

"Kwanza nataka kujua kama ni mgonjwa," alisema. "Anakojoa mkojo mwingi au matone?"

"Mwingi," nikasema. "Ungeona mbegu zangu."

"Kuna damu? Analia akikojoa? Anachuchumaa muda mrefu bila kutoa kitu?"

"Hapana."

"Vizuri. Angekuwa hivyo, ni ugonjwa wa kibofu, na hapo hamngojei. Dume asipotoa mkojo kabisa anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Huyu tumbo lake ni laini. Anakula?"

"Anakula."

"Sasa niambie. Anapojisaidia ni wapi?"

Nikamweleza karai. Akauliza lilikuwa na nini zamani. Nikasema majivu. Akauliza sasa lina nini. Nikasema makapi ya mtama.

"Kwa nini mlibadilisha?"

"Majivu yalikwenda kwenye mbegu."

Mwangangi akamgeuza paka, akatazama nyayo zake. "Anakojolea wapi tena, mbali na mbegu?"

"Mafigani," nikasema. Na nilipolisema neno hilo, nikaona. Mafigani kuna majivu. Chunguni kuna majivu.

"Paka huyu alijifunza kwamba majivu ndiyo choo," Mwangangi alisema. "Tangu mdogo, miguu yake inajua hivyo. Nyinyi mmehamisha choo mkakitia chunguni. Yeye amekifuata. Makapi yanamchoma miguu, hawezi kuyachimba vizuri. Karai liliwahi kuoshwa kwa dawa?"

Nzuki alikohoa. "Dawa ya kupe. Kidogo tu."

"Paka ananusa kuliko wewe. Harufu hiyo inamfukuza. Na akikanyaga dawa, halafu arambe miguu, anaweza kufa. Dawa ya ng'ombe si ya paka, hata kidogo. Ni nani anayempiga?"

Nzuki alikohoa tena.

"Ukimpiga, hajui unampigia nini. Anajua tu kwamba wewe ni mbaya. Basi anakojoa kwa kujificha, na kwa hofu anakojoa zaidi."

Musyoka alikuwa amesimama nyuma akichora chini kwa fimbo. "Kwa hiyo hakutumwa," alisema.

"Atumwe na nani?" Mwangangi akamuuliza.

Mbinya alikuwa anamtazama Musyoka tu. Alimtazama mpaka yule mzee akageuza uso, akaangalia mbwa.

Paka alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na Mwangangi akatuambia la kufanya. Tulilitupa lile karai la dawa, tukachukua beseni kuukuu lililotoboka. Tulitia majivu yaliyopoa kabisa, tukachanganya na mchanga mkavu. Kila tulipobadilisha tulizidisha mchanga, tukapunguza majivu, mpaka ukawa mchanga mtupu na majivu yote yakabaki kwa mbegu. Beseni tuliliweka kwenye kona yenye utulivu, mbali na chakula na maji yake. Kila asubuhi tulizoa uchafu, tukaufukia mbali na kisima, tukanawa mikono kwa sabuni. Vyungu vyote vya mbegu vilipata vifuniko na mawe juu. Mafiga tuliyafunika kwa bati baada ya moto kuzimika. Pale palipokojolewa tuliosha kwa sabuni na maji mengi, tukaacha jua liingie, kwa sababu harufu ikibaki atarudi.

Kunde zilizolowa tulizitupa. Zile za chini zilikuwa nzima.

Siku ya kwanza alinusa beseni akaondoka. Nzuki akaniangalia. Nikamwambia, "Ngoja." Asubuhi iliyofuata mama mkwe ndiye aliyefungua ghala. Alikaa ndani kitambo, kisha akaniita.

"Njoo uone. Amechimba. Amefukia kama mtu mwenye adabu."

Tangu hapo hajakojolea mbegu. Panya wakaanza tena kukutwa sakafuni asubuhi.

Ijumaa wazee walikaa. Musyoka alisema kwa sauti ndogo kwamba lile jambo la paka limekwisha. Mimi mwanamke sikupaswa kusema pale, lakini nilisema.

"Kwako limekwisha. Jina la mama wa watu liko barabarani. Jumapili, kabla ya kutoka kanisani, wewe ndiye utakayesimama uliseme hilo la majivu. Usiposimama, nitasimama mimi, na nitaanza na shamba la mtoni."

Nzuki alinivuta leso. Sikukaa.

Jumapili Musyoka alisimama. Alisema haraka haraka, lakini alisema, na kila mtu alisikia. Syombua alikuwa anafunga kiatu cha mtoto, kiatu kisicho na kamba. Mbinya hakutolewa shambani kwake. Mvua ilipokuja alipanda mtoni kama kila mwaka, na sisi tukapanda kunde zetu, zikaota.

Lakini mjue hili pia. Mbinya hakuja kunywa chai kwetu msimu huo wote. Nilimpelekea, akapokea mlangoni, akasema asante, akafunga. Haki yake. Paka alifundishika kwa siku chache. Moyo wa mtu uliyemwita mchawi hauoshwi kwa sabuni na jua.

Kwa hiyo nyinyi mlio na paka nyumbani, haya msiyafanye:

Usibadilishe choo cha paka ghafla. Badilisha kidogo kidogo.

Usiache majivu ya mbegu, wala ya jikoni, bila kufunika.

Usioshe choo chake kwa dawa ya kupe, mafuta ya taa, au kitu chochote chenye harufu kali.

Usiweke choo chake karibu na chakula chake, au pale mbwa na watoto wanapompigia kelele.

Usiache choo kichafu, halafu umlaumu akienda pengine.

Usimpige wala kumsukumia pua kwenye mkojo.

Usingoje ukiona damu, au paka anajikamua bila mkojo kutoka. Mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Mama mwenye mimba asizoe uchafu wa paka, una vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Amwachie mwingine.

Usimtupe paka mtoni kabla hujajua sababu.

Na usitaje jina la jirani yako kabla hujachungulia ndani ya karai.