Tanga Juu ya Mahindi

Mnyororo ulikuwa umelala kwenye nyasi, mzima, na kufuli lake limefunguliwa na kuwekwa vizuri juu ya jiwe. Mashua haikuwepo.

"Nafula ameibwa!" Mzee Wanyonyi alipiga kelele kana kwamba binti yake wa kumzaa ndiye aliyetekwa nyara. "Afande, huyo mtu nataka afungwe. Hata awe nani!"

Inspekta Vivian Chelangat, mpelelezi wa Kitale, alichuchumaa kando ya kufuli. Alikwisha kupeleleza wizi wa ng'ombe, wa mbolea, wa trakta, na safari moja wizi wa kengele ya kanisa. Mashua ya tanga hakuwahi. Mjini wengi hawakujua hata kwamba katika bwawa la Kapchebor, nyuma ya mashamba ya mahindi, kulikuwa na klabu ya watu wazima na akili zao, ambao kila Jumamosi waliacha shughuli zote ili wasukumwe na upepo kutoka ukingo huu hadi ule, kisha warudi.

"Kufuli halijavunjwa," alisema Konstebo Hillary, msaidizi wake, akipiga picha. "Limefunguliwa kwa ufunguo."

"Funguo ziko ngapi, Mzee?"

"Mbili. Mmoja uko hapa kiunoni, siutoi hata nikioga. Wa pili uko nyumbani Bungoma, kwenye kabati la vikombe."

"Nani anaweza kuufikia?"

"Mimi na mama watoto tu. Na yeye yuko Naitiri tangu Jumatatu, dada yake amevunjika mguu." Wanyonyi alijifuta jasho. Alikuwa afisa wa kilimo mstaafu, mzoea kutoa amri. "Afande, wacha vikombe bana. Mwizi namjua. Ni Kimaiyo! Mwaka jana tulimshinda. Juzi akasema mbele ya watu wote ati safari hii Nafula ataona mgongo wake tu. Na mashindano ni keshokutwa!"

Nduta, katibu wa klabu, alimvuta Vivian pembeni. Alikuwa mwanamke mpole, lakini asubuhi hiyo uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Wanachama wa Bungoma wanataka Kimaiyo afukuzwe leo leo. Wa Kitale wanasema akifukuzwa wanaondoka naye. Watu ambao wamekunywa chai pamoja miaka yote hii, sasa hawasalimiani. Ukichelewa, Afande, hapa patabaki bwawa na bata."

Vivian alifuata alama za matairi. Trela ya mashua ilikuwa imevutwa na gari jepesi, pikapu bila shaka. Karibu na lango, kwenye majani, kulikuwa na matone meupe yaliyoanza kukauka. Hillary aliinama akanusa.

"Maziwa."

"Pikapu za maziwa hupita hapa kila alfajiri," alisema Nduta. "Nani huziangalia?"

Ndani ya ghala kila mashua ilikuwa na ukuta wake. Katika ukuta wa Nafula, tanga halikuwepo. Usukani haukuwepo. Hata kopo la kuchotea maji lilikuwa limekwenda. Kwenye misumari miwili ya majaketi ya kuokolea maisha, msumari mmoja ulikuwa mtupu. Kwenye ule mwingine lilining'inia jaketi moja, jekundu.

Vivian aliliangalia, akahisi kuna jambo linamkwepa. Akaliacha, akaenda kumtafuta Kimaiyo.

Kimaiyo, mkulima kutoka miteremko ya Elgon, alikuwa na mwili kama mlango wa ghala. Alikuwa ukingoni akitweka tanga jipya, jeupe hata likaumiza macho.

"Bwana Kimaiyo, nina maswali."

"Na mimi nina upepo," alijibu bila kugeuka. "Huu wa mlimani ukiamka haungoji mtu. Panda, uniulize huko majini."

"Siwezi kuogelea."

"Hata mimi si sana. Ndiyo sababu kuna hii." Alimvika jaketi lake la akiba. Lilimpwaya kama blanketi. Kimaiyo akavuta mikanda mpaka ikaisha, bado likapwaya. "Basi ushike mbao vizuri. Kila mtu hapa ana lake, la kipimo chake. Ukianguka na la mwingine, jaketi litaelea na wewe utabaki chini."

Vivian alipanda huku anamwomba Mungu kimoyomoyo. Hillary alibaki ukingoni, akitabasamu kwa raha ya mtu ambaye hakualikwa.

Mashua ilijitenga na nchi kavu. Kwa muda hakukuwa na kitu ila kimya. Halafu tanga lilijaa, mbao zikalia, na ukingo wote ukaanza kurudi nyuma, miti, ng'ombe, Hillary na tabasamu lake.

"Ulikuwa wapi usiku wa kuamkia leo?"

"Suam. Nilipeleka vitunguu, nikalala huko. Piga simu nyumba ya wageni, wananijua. Inama!"

Mti wa chini wa tanga ulipita juu ya kichwa cha Vivian kwa kishindo. Mashua ikageuka, ikalala upande wa pili.

"Ulisema Nafula ataona mgongo wako."

"Si nimeshona tanga jipya! Ulitaka niseme nini?" Kimaiyo alicheka. "Afande, fikiria. Nafula asipokuwepo nitamshinda nani? Kumshinda mtu ambaye hayupo ni kula ugali bila mboga. Sasa kaa hapa juu, kwenye ukingo wa mashua. Egemea nje. Zaidi! Uzito wako ndio unatushikilia."

Vivian aliegemea. Mgongo wake ulikuwa juu ya maji, miguu yake imenasa kwenye kamba iliyofungwa ndani, na mashua ikaongeza mwendo kama ng'ombe aliyeona lango liko wazi. Maji yaliimba chini ya mbao. Hakukuwa na injini wala moshi. Povu lilimrukia usoni, akasikia mtu anacheka kwa sauti. Alikuwa ni yeye mwenyewe.

Ilimchukua kitambo kukumbuka kwamba yuko kazini.

"Nafula huendeshwa na nani?"

"Wanyonyi hushika usukani. Mkewe, Mama Edinah, hukaa mbele, huvuta kamba za tanga dogo, huchota maji, na hukaripiwa. Ukiwa ng'ambo utasikia, 'Vuta! Legeza! Si hivyo, mama!'" Kimaiyo alipunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia ila bata. "Lakini sisi wote tunajua nani husoma upepo pale. Edinah akigeuza kichwa tu, na mimi nageuza mashua. Mwaka jana nilikosa kumwangalia mara moja. Nikashindwa."

Vivian alishika mkanda wa jaketi uliokuwa ukicheza kifuani mwake. Kila mtu ana lake, la kipimo chake.

"Nirudishe nchi kavu," alisema. "Hapana, ngoja. Zunguka mara moja tena, kisha unirudishe."

Ghalani alimvika Hillary lile jaketi jekundu lililobaki. Konstebo, kijana mpana, alifunga mikanda bila kuivuta hata kidogo.

"Linanitosha."

"Ni la Wanyonyi. Kwa hivyo lililochukuliwa ni lile dogo." Vivian alihesabu kwa sauti ndogo. "Mwizi wa kuuza hachagui jaketi linalomkaa. Wala hachukui kopo la kuchotea maji. Huyu hakuiba mashua aiuze, Hillary. Aliiba aiendeshe mwenyewe. Umepiga simu Suam?"

"Kimaiyo alilala huko. Alikoroma mpaka wageni wakalalamika."

"Basi washa gari. Twende Naitiri tukamjulie hali mgonjwa wa mguu."

Mzee Wanyonyi aling'ang'ania kuja, akidhani wanakwenda kumuuliza mkewe habari za ule ufunguo wa akiba. Njia nzima alieleza jinsi Kimaiyo alivyo mjanja.

Bomani kwa Tabby, dada yake Edinah, walimkuta mgonjwa. Alikuwa akipakia makopo ya maziwa kwenye pikapu, moja kila mkono, akitembea kwa madaha.

"Mulembe, mama," Hillary alimsalimu kwa lugha ya huko.

"Mulembe! Karibuni chai..." Tabby alimwona shemeji yake. Akasimama. Akaiangalia miguu yake yote miwili, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni upi.

"Umepona haraka," alisema Vivian.

"Ni maombi, Afande. Mungu ni mwema."

"Nafula yuko wapi?"

"Nafula gani sasa? Huku kwetu kina Nafula ni wengi."

"Huyu ni wa mbao. Anapenda maji."

Tabby hakuhitaji kujibu. Nyuma yake, juu ya mahindi yaliyokomaa, tanga lilikuwa likipita. Hapakuonekana mashua wala maji. Palionekana tanga tu, likiteleza juu ya vichwa vya mahindi, likafika mwisho wa shamba, likajigeuza taratibu na kurudi.

Mzee Wanyonyi alitangulia, akipasua mahindi kwa mikono.

Bwawa la shamba halikuwa kubwa. Edinah alikuwa peke yake ndani ya mashua, mwanamke mdogo wa mwili mwenye mvi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kamba. Alifika karibu na mianzi mpaka Vivian akafumba macho. Alipoyafumbua, mashua ilikuwa imekwisha kugeuka, na tanga halikuwa limepiga hata kofi moja.

Edinah aliwaona. Hakukimbia, angekimbilia wapi? Alielekeza pua ya mashua kwenye upepo, mwendo ukaisha polepole, ikaja kugusa matope miguuni pao.

"Mama Edinah, mashua hii imeripotiwa kuibwa."

"Najua, Afande. Niliichukua mimi. Huyu dada yangu alinisaidia tu, msimshike." Hakutazama chini. "Nilifungua kwa ule ufunguo wa kabatini, tukaivuta kabla hakujapambazuka. Tukaifunika turubai, tukapanga makopo ya maziwa nyuma ya pikapu. Tulipita kizuizi cha polisi, wakatupungia mkono."

Hillary alikohoa.

"Kwa nini?" aliuliza Vivian.

"Kwa sababu ninaipenda." Edinah alipitisha kiganja juu ya usukani. "Miaka yote nimekaa mbele. Kamba zimenichubua mikono. Najua Nafula akilalamika, najua akifurahi. Lakini huu usukani sikuwahi kuushika. Nilimwomba huyu mume wangu, Baba Nekesa. Akasema, baada ya mashindano. Mashindano yakaisha, akasema mwaka ujao. Mwezi uliopita nilimwomba tena, akacheka. Akasema, 'Wewe utatupeleka kwenye mianzi.' Nikasema basi, kabla sijazeeka kabisa, nitaendesha siku moja bila kukaripiwa, niisikie mwenyewe. Ningeirudisha kesho. Naapa."

"Kimaiyo anaitwa mwizi huko Kitale. Wanataka kumfukuza."

Mkono wa Edinah ulimwenda mdomoni. "Kimaiyo? Hapana! Mungu wangu, hilo sikuliwaza." Machozi yalimlenga. "Nishikeni basi. Nitaandika maelezo, nitasema mbele ya kila mtu."

Vivian alimgeukia mzee. "Mlalamishi ni wewe. Ulisema afungwe, hata awe nani. Niandike nini?"

Wanyonyi alikuwa akiitazama mianzi, si mke wake.

"Pale ulipogeuza," alisema hatimaye, "tanga halikupiga kelele. Mimi hunipigia kelele kila siku."

"Wewe hugeuza kwa hasira, Baba Nekesa. Hapendi."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Wewe ulikuwa unaongea."

Tabby aliachia kicheko, akakimeza haraka. Masikio ya Wanyonyi yalikuwa yamebadilika rangi. Mwishowe alimgeukia Vivian, na amri yote ilikuwa imemtoka sautini.

"Afande, futa mashtaka. Mashua ni yake pia. Nilisahau."

"Nitafuta," alisema Vivian. "Lakini leo hii mtaenda Kitale nyote wawili. Mtamwomba Kimaiyo msamaha mbele ya wanachama wote. Yeye kwa kuichukua, wewe kwa kumtaja mtu bila ushahidi."

"Tutaenda," alisema Edinah.

"Tutaenda," alisema Wanyonyi. "Sasa hivi tutaifunga kwenye trela..." Upepo ulikuwa umeongezeka, mahindi yakaanza kunong'ona, na Nafula alikuwa akijivuta kwenye matope kama anayetaka kwenda. Mzee aliketi chini, akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali hadi magotini. Akaingia majini mpaka kwenye mbao, akasimama hapo akimtazama mkewe.

"Mama Nekesa," aliuliza, "nikae wapi?"

Edinah alishika usukani wake vizuri, akamwonyesha mbele, pale ambapo maji hupiga kwanza.