Bomba la Mvua na Choo cha Mama Mkwe

Makokha alikuwa mwosha boila, yaani matangi ya mvuke ya injini, katika banda la reli, Nakuru. Injini za moshi zikishapoa, yeye na wenzake walifungua vifuniko vya chini, wakaingiza mpira wa maji ya nguvu, wakapiga. Matope na ukoko vilimwagika mpaka maji yakatoka meupe. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja, naye alilisema kila mahali, hata kanisani.

"Chombo kikichafuka, kipige maji mengi. Basi!"

Katika mwaka wa hamsini na sita alipanga nyumba ya mawe nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Njoro. Zamani alikaa humo karani Mgoa. Ndani kulikuwa na choo cha kuvuta mnyororo. Nyuma, kwenye mteremko, kulikuwa na chumba cha mtumishi na choo kidogo cha kuchuchumaa. Tangi la maji machafu lilikuwa limezikwa uani, juu yake kifuniko cha saruji, na mbele yake kidogo shimo lililojazwa mawe la kupokea maji yake.

Mkewe Nasimiyu alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Khisa, mama yake alikuja kwa garimoshi kutoka Bungoma kumsaidia. Jina lake Nekoye. Tangu siku hiyo Makokha alitembea nyumbani kwake kama mwizi. Kwao, mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Kutumia choo kimoja? Hilo halisemwi hata kwa utani.

Kwa hiyo alikipaka chokaa kile chumba cha nyuma na choo chake, vikawa vyeupe kama zahanati. Nekoye akapewa vyote viwili, na Makokha akabaki na choo cha ndani.

Kuzungumza nako kulikuwa kazi. Nasimiyu akiwepo, alipeleka maneno huku na huku. Akiwa ananyonyesha, walitumia kitu chochote kilichokuwa karibu.

"Wewe ndoo," Nekoye alisema huku akiitazama ndoo, "mwambie mwenye nyumba kuni zimekwisha."

"Wewe mlango," Makokha alijibu kutoka ndani, "mwambie mama kuni zinakuja."

Mawingu ya Aprili yalipoanza kukusanyika juu ya mlima wa Menengai, Makokha alipata wazo. Alifunga gata ukingoni mwa paa, yaani ule mfereji wa bati wa kukinga maji ya mvua. Kisha akachukua bomba, akalipinda, akavunja pembe ya kifuniko cha tangi, akalitumbukiza humo.

"Baba Khisa, unafanya nini?" Nasimiyu aliuliza.

"Naosha tangi. Mvua ikinyesha, maji ya paa yataingia yapige uchafu wote utoke nje. Na sitoi hata senti!"

"Utoke nje wapi?"

"Nje tu!"

"Lakini boila huwa mnaifungua chini ndipo mnaiosha. Hapa umefungua wapi?"

Makokha alikohoa. "Mama Khisa, mtoto analia."

Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Mvua ilikuja, ikanyesha wiki nzima. Bati lilinguruma. Makokha alisimama barazani akisikiliza maji yakishuka ndani ya tangi, uso umemng'aa kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Baadaye nyasi za upande wa chini wa tangi zikageuka tope, na tope likaanza kunuka. Makokha akasema ni bata wa jirani.

Jumapili asubuhi alivaa suti ya kanisani. Kabla ya kutoka aliingia chooni, akamaliza, akavuta mnyororo. Maji yalizunguka, yakasitasita, yakaguna kama mzee anayeinuka kitini. Halafu yakashuka.

Kutoka nyuma ya nyumba kukasikika ukelele.

"Uuuwi! Uuuwi! Nasimiyu!"

Makokha alitoka mbio. Nekoye alikuwa akija kutoka choo cheupe, leso imekunjwa mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni na kingine kikielea huko alikotoka. Makokha alikumbuka kwamba hapaswi kumtazama. Akajifunika macho kwa kitabu cha nyimbo, akaendelea kukimbia vivyo hivyo, akakanyaga pale penye tope na kuanguka kifudifudi, suti na yote.

Nekoye aligeukia jogoo aliyekuwa juu ya ua.

"Wewe jogoo! Mwambie mkwe wangu nimemheshimu. Nimekaa mbali, nimekula mbali. Sasa mambo yake yamenifuata mpaka chooni!"

Jogoo alinyamaza. Makokha naye alinyamaza, maana mdomo ulijaa tope.

Nekoye alioga, akafunga mzigo wake. Alisema garimoshi la kesho halitamwacha.

Nasimiyu alilia. "Mama akienda nitabaki na nani? Huyu mtoto hata kumwosha bado naogopa. Wewe utakuwa kwenye injini zako. Na huko Bungoma atasema nini, Baba Khisa? Atasema mkwe wake alimfanya nini?"

Swali hilo lilimchoma Makokha kuliko tope. Aliliona soko zima la Bungoma likicheka.

Bila kumngoja, Nasimiyu alimwita Kiptanui, bwana afya, aliyekuwa akipita kwenda kanisani. Kiptanui alisikiliza habari yote. Kisha akaketi juu ya jiwe akacheka mpaka machozi.

"Ukimaliza kucheka utatusaidia?" Makokha aliuliza.

"Nikimaliza. Bado." Akacheka tena. Halafu akasimama. "Nipe chupa."

Alitia ndani udongo, makapi ya mahindi na maji, akatikisa, akaiweka chini. "Tungoje. Tazama sasa. Udongo umeshuka. Makapi yameelea. Katikati kuna maji. Tangi lako ni hivyo hivyo. Uchafu mzito hulala chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka polepole kwenda lile shimo la mawe. Ardhi huyanywa. Kazi ya tangi ni kutulia, bwana. Na sasa mimi ni mvua yako."

Akamimina birika zima la maji kwenye chupa. Udongo na makapi vilivurugika, vikafurika, vikamwagikia viatu vya Makokha.

"Umeona? Umekoroga kilichotulia. Uchafu umekimbilia shimo la mawe ukaliziba. Maji hayana pa kwenda, kwa hiyo yanarudi kwa choo kilicho chini zaidi. Vyoo vyote viwili vinaingia tangi hili hili moja."

Makokha alifumba macho.  Kisha sauti ya Nekoye ikasikika nyuma ya ukuta, polepole.

"Wewe ukuta, mwambie bwana afya hivi. Ya chini ya ardhi sikuyaona, na sitaki kuyaona. Lakini yakipanda juu, mimi napanda garimoshi."

"Hayatapanda, mama," Kiptanui alisema. "Lakini huyu afanye ninavyomwambia."

"Wewe mzigo," Nekoye aliuambia mzigo wake, "kaa hapo mlangoni. Tungoje mvua moja."

Makokha hakubisha tena. Aling'oa bomba siku ile ile, wakaanza kutumia vyoo vya majirani, yeye cha huku na mama mkwe cha kule. Pale palipomwagika alitia chokaa, akanawa kwa sabuni. Jumatatu lori la mji likaja kunyonya tangi.

"Usichungulie humo, na usiwashe sigara karibu," Kiptanui alimwonya. "Hewa yake inaua."

Shimo la mawe lilichimbuliwa, mawe yaliyoziba yakatolewa, mapya yakatiwa. Kifuniko kikazibwa kwa saruji. Juu ya tangi Makokha alijaza udongo ukainuka kidogo, maji ya uani yasituame hapo, akapanda nyasi. Alizoa majani kwenye gata. Bomba la mvua akalielekeza kwenye pipa lenye mfuniko, mbu wasizae humo. Na pipa likijaa, maji yalipita katika mtaro wa mawe upande wa pili wa nyumba, mbali na tangi, mbali na shimo, mpaka kwenye mtaro wa barabara.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha tena, kubwa kuliko ya kwanza. Ilipopungua, Makokha aliingia chooni akaushika mnyororo.  Nasimiyu alisimama mlangoni amembeba Khisa.

"Vuta," alisema.

Akavuta. Maji yakashuka bila kuguna. Wote wakasikiliza kule nyuma.

Kimya.

Halafu, "Wewe pipa!" Nekoye aliita. "Mwambie mwenye nyumba huku kukavu. Na umwambie alete maji yako ya mvua, nimwogeshe mjukuu wangu."

Makokha alitoka nje, akaliinamia pipa, akavua kofia.

"Asante sana, pipa. Mwambie mama nimefurahi. Mwambie akae mpaka mtoto atembee."

Kiptanui alikuwa akipita barabarani. Akasimama.

"Makokha, unaliamkia pipa?"

"Nyamaza, bwana afya," Makokha alisema. "Huyu ni mkalimani wetu."

Nyuma ya nyumba, Nekoye alikuwa akifungua mzigo.